"However" si "but": somo la sentensi ambatano lililonipandisha hasira

Programu hii ya kujifunzia sarufi ya Kiingereza nimeilipia, na nimeitumia muda wa kutosha kuipenda. Leo naiandikia kwa hasira. Somo lake la sentensi ambatano limelikosoa jibu lililo sahihi, kisha likanipa kosa nilikariri.

Swali lilitaka tuunganishe "It was raining" na "we walked home" kwa kutumia "however". Nikaandika: "It was raining; however, we walked home." Alama nyekundu! Jibu wanalolitaka wao ni hili: "It was raining, however, we walked home."

Hapana, jamani. Hilo ndilo kosa ambalo somo kama hili linapaswa kulizuia: vishazi huru viwili, yaani sehemu mbili ambazo kila moja inaweza kusimama kama sentensi, vimeshikizwa kwa mkato (,) mtupu. Mkato wa Kiingereza hauwezi kazi hiyo peke yake. Lazima ufuatwe na kiunganishi, na viunganishi vya daraja hilo ni saba tu: for, and, nor, but, or, yet, so. "However" haimo, kwa kuwa ni kielezi. Anayebisha ajaribu kuihamisha. "We, however, walked home" inakubalika, na "we walked home, however" inakubalika pia. Sasa hamisha "but" uone: "we, but, walked home" si Kiingereza. Neno linaloweza kutembea ndani ya kishazi chake halijafungwa kwenye kishazi jirani, ndiyo maana kazi ya kufunga inabaki kwa nukta-mkato (;). La sivyo, weka nukta uanze sentensi mpya. Therefore, moreover, nevertheless na consequently zinafuata mkondo huohuo.

Nikadhani ni swali moja tu lililoharibika. Nikarudia somo nikiingiza majibu ya kila namna, na tatizo likajitokeza wazi: programu haisomi vishazi hata kidogo. Inatafuta mkato na neno la kuungia, basi. "She opened the door and sat down" imeikataa, eti panahitajika mkato kabla ya "and". Wapi! "Sat down" haina kiima chake, yaani mtendaji anayetajwa kabla ya kitenzi. Hivyo ni vitenzi viwili vya mtendaji mmoja, sentensi ni sahili, na mkato hauna nafasi. Ongeza kiima, "She opened the door, and she sat down", hapo ndipo inakuwa ambatano na mkato unapata kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi tuliolelewa na Kiswahili tunajikwaa papo hapo. Katika "alifungua mlango akaketi", kila kitenzi kimebeba nafsi yake tumboni, na -ka- inafanya kazi ya "and" bila neno la pembeni. Tumezoea kwamba kitenzi kikishatajwa, mtendaji naye ametajwa. Kitenzi cha Kiingereza hakimbebi mtendaji kwa namna hiyo, na mwanafunzi asipoonyeshwa tofauti atamwaga mikato kila aonapo "and".

Halafu kuna hili: "Although he was late, but he passed" imepewa tiki! Kwetu "ingawa alichelewa, lakini alifaulu" inapita bila kumkwaza mtu. Kwa Kiingereza unachagua moja. "Although" imekwisha kukifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi, kwa hiyo "but" haina vishazi huru viwili vya kuunganisha. Ukibaki na "although" umeandika sentensi changamano, ukibaki na "but" umeandika ambatano.

Nilikuwa nimepanga kutoa nyota mbili. Lakini sehemu ya "nor" wameifundisha vizuri sana, na haki yao niwape. Wanaonyesha kwamba baada ya "nor" kitenzi kisaidizi hutangulia kiima kama katika swali, na ukanushi haurudiwi: "He does not smoke, nor does he drink." Wametenganisha pia "so" ya matokeo na "so that" ya kusudi, jambo ambalo wengi hulivuruga. Kwa hayo nikapanda hadi tatu.

Kisha likaja jibu la huduma kwa wateja. Nilikuwa nimewaandikia kwa upole, hoja moja baada ya nyingine, pamoja na lile jaribio la kuhamisha neno. Wakanijibu: "Ndugu mteja, majibu yetu yamehakikiwa. Tafadhali rudia somo la kwanza." Hakuna aliyesoma nilichoandika! Nyota moja.

Aliyekwisha kulipia afanye sehemu ya "nor" na ya "so", hizi zinafaa kweli. Mazoezi ya mkato ayaruke yote. Badala yake afunike kiunganishi kwa kidole, asome upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kila upande ukisimama wenyewe kwa kiima na kitenzi, aweke mkato kabla ya kiunganishi. Upande mmoja ukianguka, asiuweke. Vishazi vikiwa vifupi mno, kama "I cooked and he ate", mkato unaweza kuachwa. Na kwenye "however" aandike nukta-mkato, hata programu ikimwekea nyekundu mara mia.