Power BI kwenye kampuni kubwa ya usambazaji: inalipa, ila anzeni na katoni

Mimi niko kwenye usambazaji, Dar, bidhaa za dukani: sabuni, mafuta ya kula, unga, tambi, juisi, vitu vinavyotembea kila siku. Tuna maghala mikoani na magari yanayopita kwa mangi, yaani mwenye duka, mmoja mmoja. Nataka niiongelee Power BI ya Microsoft, programu ya kuchambua data na kutengeneza ripoti, maana makampuni ya aina yetu mengi yanaichukua sasa hivi, na wauzaji wakija kuionyesha wanaonyesha dashibodi zenye rangi tu, kazi yenyewe inakolala hawasemi. Mimi naikubali sana, niseme kabisa. Hela yake inarudi. Ila inarudi kwa kampuni ambayo kwanza imekaa chini ikakubaliana katoni ni nini, mteja ni nani, na mauzo yanahesabiwa kuanzia hatua gani, halafu ndio ikawaachia watu wa matawi wajichambulie wenyewe. Ukiruka hapo kila tawi litakuwa na namba zake na kikao cha Jumatatu kitakuwa cha kubishana tu.

Excel peke yake haitoshi, nalisema hili kwa sababu bado wapo mabosi wanaouliza. Shiti moja ya Excel mwisho wake ni mistari 1,048,576. Chukua msambazaji anayetoa ankara 3,000 kwa siku, kila ankara ina bidhaa 8, hiyo ni mistari 24,000 kwa siku, siku 26 za kazi unafika 624,000. Miezi miwili tu shiti imejaa na bado hujaweka stoki wala madeni. Kwa hiyo watu wanakata data vipande vipande, faili la Januari, faili la Februari, faili la Kanda ya Ziwa, na swali dogo kama huyu mteja alikuwa ananunua nini mwaka jana kipindi kama hiki linakula nusu siku. Power BI inaihifadhi data kwa safu (column za wima) na kuibana, jina la bidhaa lililojirudia mara laki moja linatunzwa mara moja tu, ndio maana mamilioni ya mistari yanakaa kwenye laptop ya kawaida bila shida. Ukitaka faili liwe jepesi zaidi acha safu usizozitumia, hasa zile ambazo kila mstari una kitu chake peke yake kama saa na sekunde ya muamala. Tarehe inatosha.

Sasa faida yake hasa kwa watu wa usambazaji. Zamani msimamizi wa ghala Mbeya akitaka kujua ni mali gani inakaribia kuisha muda wake anaandika imeili makao makuu, mtu wa IT ana ripoti kumi na tano za kutoa, jibu likija ile juisi imeshabaki na wiki tatu na hakuna mwenye duka atakayeipokea. Sasa hivi msimamizi mwenyewe anafungua, anachagua ghala lake, anapanga kwa tarehe ya kuisha muda, anaona katoni ngapi zimebaki na kwa kasi ya mauzo ya wiki nne zilizopita zitachukua siku ngapi kutoka. Kama siku za kutoka ni nyingi kuliko siku zilizobaki kwenye lebo anapiga simu siku hiyo hiyo, mzigo unahamishiwa Iringa au unafanyiwa ofa. Hiyo ni hela iliyookolewa kabisa, na imeokolewa na mtu wa ghala aliye karibu na mzigo, sio mchambuzi wa makao makuu ambaye ghala la Mbeya analiona kwenye ramani tu. Kujichambulia mwenyewe maana yake kwangu ni hii.

Ila ili huyo mtu wa Mbeya aione namba sahihi kuna kazi ya chini ambayo haina sifa na lazima ifanyike. Katoni. Sabuni ile ile ipo ya vipande 24 na ya vipande 48, mfumo wa mauzo unaandika kwa katoni, gari linauza kwa dazeni, muuzaji wa rejareja anarudisha vipande, na mfumo wa uhasibu nao una kizio chake cha kuhesabia. Ukizijumlisha hivyo hivyo utapata namba nzuri tu, isiyo na maana yoyote. Lazima kuwe na jedwali moja la bidhaa linalosema kila bidhaa ina vipande vingapi kwenye katoni, na kuwe na mtu mmoja anayelimiliki, bidhaa mpya haiingii mpaka yeye ameijaza. Halafu wateja. Duka moja Mbagala linaweza kuwa limeandikishwa kama Mangi Shop, Mangi Store, Duka la Mangi na Mangi Mbagala, kila muuzaji aliyepita kwenye ruti hiyo alifungua jina lake jipya. Ripoti itakuambia una wateja wapya wanne na wote wananunua kidogo, kumbe ni mmoja mzuri na deni lake limegawanyika kwenye akaunti nne kiasi kwamba hakuna inayogusa kikomo cha mkopo! Power Query, kile kipengele cha kusafishia data ndani ya Power BI, kina namna ya kulinganisha majina yanayofanana na inasaidia sana, lakini mwisho wa siku anayejua kwamba Mangi huyu ni yule ni msimamizi wa ruti, kwa hiyo mpeni nafasi kwenye zoezi tangu mwanzo.

Na mauzo. Idara ya mauzo wanahesabu oda ikishaandikwa, ghala wanahesabu mzigo ukitoka getini, uhasibu wanahesabu ankara baada ya kutoa bidhaa zilizorudishwa na VAT. VAT yetu ni asilimia 18, kwa hiyo mmoja anasema milioni 118 na mwingine anasema milioni 100 na wote wako sahihi kwa hesabu zao. Kama Power BI haijawa na namba hizi tatu kwa majina matatu tofauti yaliyoandikwa waziwazi, oda, mzigo uliotoka, mauzo halisi, basi kila tawi litachora la kwake. Mimi nashauri watu watatu au wanne tu ndio wajenge msingi wa data, yaani majedwali yaliyosafishwa na fomula zake, wengine wote wachore ripoti zao juu ya msingi huo huo. Kuchora wawe huru kabisa, wachore wanavyotaka, ila kufafanua maneno pasiwe na uhuru.

Kuna jambo moja nataka nilikazie maana nimeona linapotosha hata watu wenye uzoefu, nalo ni kulinganisha mwezi na mwezi wa mwaka jana. Power BI ina fomula tayari za kufanya hivyo na mtu yeyote anaziweka kwa dakika mbili. Sasa biashara yetu inategemea Ramadhani kwa sukari, unga, tambi, tende, mafuta, na Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza wiki ya pili ya Machi, 2025 ikaanza mwanzoni mwa Machi, 2026 imeingia ndani ya Februari. Kwa hiyo ukilinganisha Februari 2026 na Februari 2025 utaona ukuaji mzuri na meneja atapongezwa, halafu Machi utaona anguko na meneja huyo huyo ataitwa ajieleze, na dukani hakuna kilichobadilika. Dawa yake ni kutengeneza jedwali lenu la kalenda lenye safu ya wiki ngapi kabla au baada ya kuanza Ramadhani, halafu mlinganishe wiki kwa wiki kwa safu hiyo. Humo humo wekeni shule zinapofungua na kufunga, na msimu wa mavuno kwa kanda, maana mteja wa kijijini ananunua akishauza mazao. Mwaka wenu wa fedha nao kama unaisha Juni fomula za mwaka zinakubali kuambiwa mwaka unaisha tarehe 30 Juni, kazi ni kuziambia tu, usipoziambia zinachukua Desemba.

Kitu kingine cha hesabu ni wastani wa asilimia. Tawi la Kigoma limepata oda 10 likapeleka 9, asilimia 90. Dar imepata oda 1,000 ikapeleka 600, asilimia 60. Mtu akiburuta safu ya asilimia na kuchagua wastani anapata 75 na bosi anaridhika, wakati ukweli ni oda 609 kati ya 1,010, asilimia 60 na kidogo. Mfundisheni kila anayepewa chombo hiki kujumlisha kwanza kisha kugawanya. Na hapo kwenye oda zisizofika wekeni safu ya sababu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara, oda za kusini kipindi kama hicho zikihesabiwa pamoja na oda zilizokosa stoki mtaagiza mzigo ambao tayari mnao.

Tukija kwenye mambo ya kiufundi. Kama seva yenu iko ofisini, mnahitaji kompyuta yenye kile kijiprogramu cha kuunganisha seva na wingu la Microsoft, na hiyo kompyuta lazima iwe inawaka muda wote. Umeme ukikatika na hakuna UPS, ile betri ya akiba, data haisasishwi, na ikishindwa mara nne mfululizo ratiba inajizima yenyewe mpaka mtu aiwashe tena. Dashibodi inaendelea kufunguka vizuri kabisa ikiwa na namba za juzi. Kwa hiyo kila ripoti iwe na tarehe na saa ya data juu kabisa, kwa maandishi makubwa. Kwa leseni ya kawaida, ile ya Pro, mnaweza kusasisha mara 8 kwa siku na msingi wa data usizidi GB 1. Kwa usambazaji mara 8 zinatosha ukizipanga vizuri: kabla magari hayajapakia, mchana, na baada ya wauzaji kurudi. Anayetaka kuona kila dakika atapata shida na bei.

Usalama msiuchukulie poa. Inawezekana meneja wa Mwanza aone Mwanza tu na wa Arusha aone Arusha tu kwenye ripoti ile ile moja, na inafanya kazi vizuri, lakini kizuizi hicho kinamshika mwenye ruhusa ya kutazama peke yake. Ukimpa mtu ruhusa ya kuhariri kwenye eneo la kazi (workspace, pale ripoti zinapowekwa) anaona kampuni nzima, bei za kununulia na faida zote. Na kuna kitufe cha kuchapisha ripoti kwenye intaneti, hicho kinaiweka hadharani kwa yeyote mwenye linki bila nywila. Msimamizi wa mfumo akizime siku ya kwanza.

Bei: programu ya kutengenezea ripoti kwenye kompyuta ni bure, ila ni ya Windows tu. Gharama inaanza mkitaka kushirikiana mtandaoni, Pro ilikuwa dola 10 kwa mtu kwa mwezi na tangu Aprili 2025 ni dola 14. Watu 40 ni dola 560 kwa mwezi, 6,720 kwa mwaka. Kwa kampuni yenye maghala mikoani sioni kama ni nyingi, ila msinunulie kila mtu, anzeni na mameneja wa matawi, wasimamizi wa maghala na wanaofuatilia madeni. Tableau na Qlik, programu nyingine za kazi hii hii, ni nzuri pia, na kwa kuvinjari data kwa macho Tableau mimi naona iko mbele, lakini watu wetu wameshaizoea Excel na Power BI inafanana nayo kwenye mengi, hilo lilinitosha. Kampuni ndogo yenye data kwenye Google Sheets ianze na Looker Studio, ya Google ya kutengenezea ripoti, ni bure. Mkiwa na kijana anayejua seva vizuri, Metabase, programu ya ripoti mnayoweza kuiweka kwenye seva yenu wenyewe, nayo iangalieni.

App ya simu nimeipenda kuliko nilivyotegemea. Msimamizi wa mauzo akiwa barabarani anaiona ruti yake, duka gani halijanunua wiki mbili, nani deni lake limepita siku 30, anashuka kwenye gari akiwa anajua aongee nini na mwenye duka. Hakikisheni tu anayetengeneza ripoti amepanga na muonekano wa simu, asipofanya hivyo mtu anabaki kuvuta vuta skrini kwa vidole viwili juani.

Mafunzo ya siku moja kwenye ukumbi wa hoteli sijaona yakisaidia. Kilichosaidia ni kila tawi kuwa na mtu mmoja anayeelewa vizuri, mara nyingi ni yule karani kijana aliyekuwa anasifika kwa pivoti za Excel (yale majedwali ya muhtasari), apewe muda wa kazi kabisa wa kufanya hiyo kazi na sio kuibia jioni, na awe na kundi la WhatsApp la wenzake wa matawi mengine ambako mtu wa Mwanza akikwama kwenye fomula wa Dodoma anamjibu. Kampuni zinazoanza sasa hivi ningeziomba ziwaangalie hawa makarani kwenye mshahara pia, maana wakishaijua hii kazi wanachukuliwa haraka sana, na jedwali la katoni linabaki bila mwenyewe.