Kifurushi cha kutengeneza losheni nyumbani: nunua nini, acha nini

Haya jamani, karibuni. Leo mezani nina kile kifurushi mlichoniulizia sana, cha kujitengenezea losheni nyumbani. Ngoja nikimwage chote hapa mwone. Mizani ndogo, mfuko wa emalsifaya, chupa ya kihifadhi (cha kuzuia bakteria na ukungu), vitamini E, kichupa cha mafuta ya karafuu, karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, na chupa za pampu. Muuzaji simtaji, maana vifurushi vya hivi viko tele na vingi vimepangwa hivi hivi.

Naanza na mizani, ndiyo yenye maana kuliko vyote humu. Sogezeni macho: inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Naweka punje chache za emalsifaya… 0.35, mmeona? Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja hapo ingesema sifuri. Mtaniuliza, dada, yote hayo ya nini? Kihifadhi cha fenoksiethanoli, kwa sheria za Umoja wa Ulaya, hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Losheni ya gramu 100, hiyo ni gramu moja tu. Sasa wewe upime kwa kijiko? Kijiko chako si kijiko changu, na kijiko cha mafuta hakina uzito wa kijiko cha maji. Mapishi ya “vijiko viwili vya hiki, kifuniko kimoja cha kile” mimi nayapita tu.

Emalsifaya ndizi hizi punje nyeupe, kazi yake kushikanisha maji na mafuta. Kuna wanaosema tumia nta ya nyuki. Hapana. Nta ya nyuki, hata iwe ile nzuri ya Tabora, itakufaa kwa mafuta ya midomo au ya visigino, ambayo hayana maji ndani. Kwenye losheni peke yake haiwezi. Utaamka asubuhi ukute maji chini, mafuta juu. Hii ya kwenye kifurushi sina neno nayo. Imeyeyuka vizuri na losheni haijaachana.

Fomula, chukueni kalamu. Maji gramu 74, glisirini 4, mafuta ya alizeti 12, siagi ya shea 4, emalsifaya 5, kihifadhi 1. Jumla 100. Maji na glisirini chombo kimoja, alizeti, shea na emalsifaya chombo kingine. Vyote viwili viweke ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka vifike nyuzi 70 na kidogo, ndipo uvichanganye na upige kwa blenda ya mkono. Ikiwa nyepesi kama maziwa usitaharuki, inakaza ikipoa. Kihifadhi kinaingia mwisho, ikishakuwa vuguvugu.

Shea, ukipata ya kaskazini mwa Uganda ichukue, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na inayeyuka upesi. Ukitaka nazi badala ya alizeti, sawa. Kumbuka tu mafuta ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mtu wa Dar na mtu wa Njombe hawatapata losheni yenye uzito uleule.

Na maji msiniambie ya betri! Yale ni ya gari, na dukani yanakaa jirani na asidi ya betri, chupa zinafanana. Tafuteni maji yaliyokenekwa kwa wauza vifaa vya maabara.

Sasa hapa ndipo kifurushi kiliponiudhi. Kihifadhi. Nasoma lebo: “Kihifadhi asilia.” Basi. Nageuza chupa, nyuma hakuna kitu. Asilia gani? Kina nini ndani? Bila jina huwezi kujua uweke kiasi gani, wala kama kitafanya kazi kwenye losheni yako. Potasiamu sorbeti, kwa mfano, inataka pH iwe chini, kwenye 5 hivi. Ikipanda kuelekea 6 au 7 nguvu inaisha. Fenoksiethanoli haibabaishwi sana na pH. Hiyo chupa isiyo na jina mimi nimeiweka pembeni, nimetumia yangu.

Halafu kikaratasi chao kinasema vitamini E itaihifadhi losheni miezi sita. Si kweli. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, inaishia hapo. Bakteria na ukungu haiwagusi. Na losheni yenye maji inaweza kujaa bakteria huku inanukia vizuri na rangi haijabadilika, kwa hiyo usiniambie “mbona yangu haijaharibika”. Wewe unayesaga mshubiri mbichi na kuutia ndani, hapo umewaongezea chakula. Mshubiri saga wa kutumia leo, sio wa kuweka kabatini.

Karatasi za pH: zinapima 1 mpaka 14, kila rangi namba nzima. Kwa ngozi ni pana mno. Ngozi inakaa karibu na 5, wewe unataka kutofautisha 5 na 5.5. Tafuta zinazopima 4 mpaka 7 tu. Hizi nimezitumia kuwaonyesha limao: ona, iko kwenye 2. Hiyo ndiyo mnajipaka usoni kisha mnatoka juani! Limao na jua pamoja vinaunguza ngozi, na madoa yanabaki muda mrefu.

Mafuta ya karafuu, harufu tamu, nakiri, inanirudisha Pemba. Lakini sehemu yake kubwa ni eujenoli, kemikali inayoweza kuwasha ngozi, na kwa kitu unachopaka ukakiacha mwilini usivuke asilimia 0.5. Kikaratasi kinasema “weka mpaka harufu ikuridhishe.” Weee! Ya mtoto usitie kabisa.

Na mnaoniuliza niongeze nini ing'arishe ngozi: hakuna. Haidrokwinoni na zebaki, zinazotiwa kwenye krimu za kujichubua, zimepigwa marufuku Tanzania, zimepigwa marufuku Kenya, na hapa kwangu pia.

Kwa hiyo kifurushi kizima sikushauri. Nunua mizani peke yake, emalsifaya, na kihifadhi chenye jina la kilichomo na kiasi cha kutumia. Chupa za pampu zinapatikana Kariakoo. Ukitengeneza ya nyumbani kwako, endelea. Ukitaka kuuza, kwa Tanzania unaanzia TBS, Shirika la Viwango, vipodozi vilihamia kwao mwaka 2019 kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatoa mafunzo kwa wajasiriamali wadogo. Fomula nimeiweka hapo chini kwa maandishi, maana najua kuna ambao kalamu hawakuchukua.