Tahadhari: ungerol iliyotiwa maji inauzwa kwa watengenezaji sabuni wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mnaotengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuiuza mtandaoni, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma, tafadhali msitume pesa kabla ya kusoma hapa. Kuna muuzaji anayetangaza kwenye Facebook na WhatsApp "kifurushi cha lita 20": kilo moja ya ungerol (malighafi nzito inayotoa povu la sabuni), chumvi, rangi na marashi. Unalipa pesa zote kwanza, kisha mzigo unatumwa kwa matatu kutoka Nairobi. Bei ni ya chini mno, na ungerol iliyomo imechakachuliwa.

Ungerol halisi ina kiini cha povu cha asilimia 70 hivi. Ni nyeupe au manjano hafifu, haipitishi mwanga vizuri, na ukiinamisha chombo huteremka polepole kama asali. Hila yenyewe iko hapa: ukiitia maji kidogo haiwi nyepesi, bali huganda ikawa jeli inayokataa kumwagika. Asiyejua huudhani ugumu huo ni ukali wa dawa. Ikitiwa maji zaidi, mpaka kiini kishuke kwenye asilimia 28 hivi, hugeuka kimiminika kisicho na rangi, cha kuonekana ndani. Chumvi kidogo huifanya nzito tena, na ndiyo unayoletewa kwenye kopo. Kwa hiyo jeli ngumu inayong'aa ni dalili mbaya, na kimiminika kizito kinachopitisha mwanga mpaka upande wa pili ni dalili mbaya vilevile.

Madhara yanaonekana kwenye ndoo. Kilo 1 ya ungerol halisi katika lita 20 za maji hukupa kiini cha zaidi kidogo ya asilimia 3, na chumvi ikiingia sabuni inashika uzito. Ile ya asilimia 28 hukupa asilimia 1.3 tu. Hapo chumvi haina cha kushika. Mtu anaongeza, anaongeza tena, na chumvi ikipita kiwango sabuni inazidi kuwa maji au inajitenga. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ungerol ya asilimia 70 haiozi kirahisi, lakini ikishatiwa maji bila dawa ya kuhifadhi, bakteria huzaliana na chupa zikaanza kunuka zikiwa kwa mteja. Mteja huyo hatamtafuta muuzaji wa malighafi, atakutafuta wewe.

Kipimo cha nyumbani kipo. Pima gramu 10 kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, pakaza nyembamba kwenye sahani ya bati uliyokwisha kuipima, kisha iweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Pima tena na tena mpaka uzito usipungue. Ungerol halisi hubakiza karibu gramu 7. Ikibaki 3, umeuziwa maji.

Kuhusu malipo: usilipie mzigo wote kwanza, hasa kwa namba ya mtu binafsi. Muuzaji huyu hubadilisha namba, na jina linalotokea kwenye M-Pesa si lile la tangazo. Ukiona majina yamepishana, katiza malipo hapo hapo. Ni heri duka la kemikali mjini linalokuchotea kutoka kwenye pipa lenye lebo ya kiwanda, hata kama bei iko juu, ununue robo kilo kwanza ukaipime.

Aliyekwisha kupokea mzigo asiutupe upesi. Piga picha kopo kabla ya kufungua, weka sampuli pembeni, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote, kisha nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB (kitabu cha matukio). Jumbe za ulaghai zitume kwa 333 ya Safaricom.

Kama ungerol hiyo hainuki, bado inatumika. Iliyobakiza gramu 3 kwa 10, tumia kilo 2 na nusu kwa lita 20 badala ya kilo 1, iloweke usiku kucha bila kuchemsha mpaka madonge yayeyuke, na usitie chumvi kabla ya kuona imekaa vipi, kwa maana huenda tayari imo. Halafu ongeza chumvi gramu 10 kila mara kwenye lita moja ya majaribio, si kwenye ndoo nzima. Inayonuka imwage.