Tamiya King Hauler ya 1/14: hela inaenda kwenye chesisi, kabini utaimalizia mwenyewe

Niseme mapema kabisa, kama unataka lori la remoti la kutoa kwenye boksi na jioni hiyo hiyo unaliendesha, King Hauler, hili lori la mfano la kampuni ya Kijapani Tamiya, sio lako. Linakuja vipande vipande, mifuko ya skrubu na nati, vyuma, plastiki zimeshikana kwenye fremu zake unakata kimoja kimoja, na kitabu cha michoro, halafu unaliunga mwenyewe kuanzia chesisi mpaka vioo vya pembeni. Remoti haimo, servo (mota ndogo za kugeuza usukani na kubadilisha gia) hazimo, betri na chaja hazimo, rangi haimo. Asiyejua anaweza kukasirika lakini malori ya Tamiya ya 1/14 ndo yalivyo, na mi naona ni sawa tu manake kila anayeunga ana remoti yake anayoipenda, ya nini ulipie nyingine.

Hilo 1/14 maana yake lori halisi la mita 7 hapa linakuwa nusu mita, kwahiyo sio kitu cha kuweka kwenye kona ya meza. King Hauler ndo lililoanzisha hii familia, lilitoka 1993, kichwa cha Kimarekani chenye pua ndefu, eksozi mbili zimesimama nyuma ya kabini na kromu kila mahali. Ile pua ina sababu yake, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1982 iliyozuia majimbo kubana urefu wa gari zima kwenye barabara kuu za nchi, ikawa kinachopimwa ni tela, basi kichwa kikawa huru kurefuka, wakati Ulaya wanapima kuanzia bampa ya mbele mpaka mwisho wa tela ndo maana malori yao uso ni bapa. Nalitaja hili kwasababu linagusa jinsi unavyolibadilisha, lori la pua ndefu ukilirefusha chesisi linazidi kupendeza, la uso bapa ukilirefusha hovyo linaonekana limekosewa.

Sasa chesisi, hapa ndo pesa yako ilipo. Reli mbili ndefu za aluminiamu, zinaungwa kwa vipande vya kati kama lori lenyewe, springi ni mabapa ya chuma kweli yamepangwa na kufungwa kwa yuboti, ekseli mbili za nyuma zote zinavuta, propela shafti inatoka kwenye giaboksi inaenda ekseli ya kwanza inapitiliza ya pili, na kila ekseli ina difu yake. Ukimaliza kuunga sehemu hii unakuwa umeelewa lori linavyofanya kazi bila mtu kukufundisha. Giaboksi ina gia 3 na unazibadilisha kwa remoti lori likiwa linatembea, servo moja kazi yake ni hiyo tu. Gia ya kwanza ni nzito karibu mara 3 kuliko ya tatu, kwahiyo unaondoka na tela taratibu kabisa, unapandisha, unapandisha tena, na hiyo hisia hakuna gari lingine la remoti litakupa.

Kuna wanaokimbilia kubadilisha mota waweke ya kasi, jamani acheni. Lori halisi likiwa kwenye 80 kwa saa, ukigawa kwa 14 unapata kama kilomita 5 na kitu, yani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Mota yake ya saizi ya 540 inatosha na inabaki, likikimbia kuliko hapo linapoteza ulori wote. Uzito nao una hesabu yake, haugawi kwa 14 mara moja, unagawa mara tatu kwa urefu, upana na kimo, yani kwa 2,744. Gari la tani 36 na mzigo wake linakuwa kama kilo 13, kichwa, tela na mzigo vyote pamoja. Ukilifikisha karibu na uzito huo ndo utaona springi zinaanza kulala vizuri na tairi zinakanyaga, manake likiwa tupu springi ni ngumu na lori linarukaruka. Wengi wanapunguza bapa moja moja, na kama tela lako halibebi mzigo mzito nashauri ufanye hivyo.

Kabini ni nzuri ila imeachiwa nafasi. Umbo limetulia, mistari iko safi, lakini ndani utajaza mwenyewe, mapazia, dashibodi, kitanda, hata redio ya dereva. Plastiki yake ni ngumu kwahiyo rangi ni ya kopo ya kupuliza ya Tamiya, aina ya TS, usichukue ya PS, zile ni za bodi laini za polikaboneti. Piga msasa mwembamba, praima, rangi kwa tabaka nyepesi, halafu TS-13 ya kung'arisha juu. Ukitaka lichakae, uchafu wa eneo la chini upake baada ya hapo kwa rangi ya enamel iliyozimuliwa sana, enamel juu ya TS inakaa vizuri, ukigeuza mpangilio rangi inajikunja yote. Kromu mi naona imezidi, tangi na bampa sawa lakini lori la kazi haling'ai hivyo kila kona, na uzuri ni kwamba ukilowesha vipande kwenye jiki kromu inatoka unabaki na plastiki tupu ya kupaka. Hata ukiiacha, sehemu ya kubandika lazima uikwangue kwanza, gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu.

Kitu kidogo kinachobadilisha lori lote ni vizuia matope, zile raba zinazoning'inia nyuma ya tairi. Vya lori halisi vina unene wa milimita 7 hivi, yani hapa unahitaji nusu milimita, raba nyembamba kabisa inayocheza lori likitembea. Ukiweka nene lori zima linaonekana mdoli.

Sauti na taa ni kifaa cha pembeni, MFC-01, kinatoa muungurumo wa injini, honi, indiketa na kutikisa kabini kidogo. Kizuri sana ila kinataka remoti ya chaneli 4, kwahiyo kama unajua utakitaka baadaye nunua remoti hiyo tangu mwanzo.

Kama unachotaka ni lori la kukaa kabatini tu, bora uchukue lori la plastiki lisilotembea, la 1/24 la kampuni ya Italeri au 1/25 la AMT, utapata kabini yenye vitu vidogo vidogo vingi zaidi na litachukua nafasi ndogo. King Hauler ni la mtu anayetaka litembee, livute, na alifungue kila mara kubadilisha kitu.

Ukishaamua, beringi nunua siku moja na lori. Bushi (pete za kawaida zisizo na golori) zinazokuja na lori zinafanya kazi lakini kuja kuzitoa baadaye ni kufungua giaboksi na ekseli zote upya. Na nati za chuma kwa chuma tia gundi ya kukamata nyuzi tone dogo, ila isiguse plastiki popote, inaipasua.