Draiva za chipseti zilizorekebishwa kwa mbao mama za zamani: tathmini baada ya kuzitumia

Draiva za chipseti zilizorekebishwa, yaani programu za kuendesha chipu kuu za ubao mama ambazo zimebadilishwa na mtu mwingine asiye mtengenezaji, husifiwa kupita kiasi na kulaumiwa kupita kiasi, na mara nyingi anayesifu na anayelaumu wote hawajafungua faili zenyewe wakaona ni kitu gani kilichobadilishwa. Tathmini hii inahusu kifurushi cha draiva ya kidhibiti cha SATA (njia ya kuunganisha diski na ubao) cha Intel, kilichorekebishwa ili kiweze kusakinishwa kwenye chipseti za familia ya ICH10, zilizotoka mwaka 2008, ndani ya Windows 10 ya biti 64. Nimekitumia kwenye ubao mama ambao mtengenezaji wake aliacha kuutolea draiva tangu enzi za Windows 7. Ni kazi safi na kinatimiza kilichoahidiwa, ila wengi wanaokipakua hawakihitaji.

Nianze na kinachorekebishwa, kwa kuwa ndicho kipimo changu cha ubora. Draiva ya Windows huwa na faili tatu za msingi: INF, ambayo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa Notepad; SYS, ambayo ndiyo programu yenyewe inayofanya kazi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo; na CAT, inayobeba sahihi ya kidijitali pamoja na hashi za faili nyingine, yaani alama zinazobadilika faili ikibadilishwa. Kila kifaa kilichomo kwenye ubao hujitambulisha kwa nambari ya mtengenezaji na nambari ya kifaa: 8086 ni Intel, 1022 ni AMD, 10DE ni NVIDIA. Kidhibiti cha ICH10R kikiwekwa katika hali ya AHCI, yaani hali ya kawaida ya kuendesha diski za SATA moja moja, hujitaja kuwa PCI\VEN_8086&DEV_3A22. Kadiri matoleo mapya ya draiva yanavyotoka, nambari za chipseti kongwe huondolewa kwenye INF, na hapo Windows hukataa kusakinisha draiva hata pale ambapo programu iliyomo ndani ya SYS bado ingeweza kukiendesha kifaa hicho vizuri.

Katika kifurushi hiki, mabadiliko yote yamo kwenye INF. Niliilinganisha na INF ya asili mstari kwa mstari, na tofauti niliyoikuta ni nambari zilizoongezwa, kila moja ikiwa imeandikwa kwa ukamilifu, mathalani PCI\VEN_8086&DEV_3A22&CC_0106, ambapo CC_0106 inaonyesha kwamba kidhibiti kiko katika hali ya AHCI. Mstari huo umewekwa chini ya sehemu ya NTamd64, yaani ile inayosomwa na Windows ya biti 64. Nimewahi kuona vifurushi vingine ambavyo mrekebishaji aliongeza nambari katika sehemu ya biti 32 peke yake, kisha watumiaji wakahangaika kutafuta kasoro isiyokuwapo kwenye mashine zao. Faili ya iaStorA.sys haikuguswa: ukifungua sifa zake, sahihi ya Intel bado ipo na bado ni halali. Kwangu mimi hilo ndilo jambo linalotenganisha kifurushi cha kuaminika na kile cha kufutwa mara moja. Aliyeongeza mstari kwenye INF ameacha kazi yake wazi mbele ya kila msomaji, ilhali aliyebadilisha SYS ameingiza ndani ya kerneli msimbo ambao mtumiaji wa kawaida hana njia ya kuukagua.

Ugumu unaanzia kwenye sahihi. Herufi moja tu ikibadilika kwenye INF, hashi yake hailingani tena na ile iliyohifadhiwa kwenye CAT, na Windows huihesabu draiva nzima kuwa haina sahihi halali. Wapo wanaoshauri kuiweka kompyuta katika hali ya majaribio kwa amri ya bcdedit, nami siipendi njia hiyo, kwa sababu inaacha mlango wazi kwa draiva yoyote iliyotiwa sahihi ya majaribio, si hii uliyoikusudia peke yake, na tena haikubaliki pale Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu kompyuta inapowaka, ikiwa imewashwa. Njia nyingine ni kushikilia kitufe cha Shift unapochagua kuwasha upya, ukaingia kwenye mipangilio ya uwashaji na kubonyeza 7 ili ukaguzi wa sahihi uzimwe kwa kipindi hicho kimoja. Kwa kuwa sahihi iliyomo ndani ya SYS haijavunjika, draiva huendelea kupakiwa kama kawaida kompyuta inapowashwa tena baadaye.

Kifurushi hiki kimechagua njia ya tatu: kimetiwa sahihi upya kwa cheti cha mrekebishaji mwenyewe, na mtumiaji anatakiwa kukiingiza cheti hicho miongoni mwa vyeti vya mizizi vinavyoaminiwa na Windows. Usakinishaji unakuwa mwepesi sana, lakini gharama yake ni kubwa kuliko inavyoelezwa. Kompyuta inayoamini cheti cha mzizi itaamini pia kila kitu kitakachotiwa sahihi kwa ufunguo wa cheti hicho, na ufunguo huo uko mikononi mwa mtu usiyemjua. Ningependa sana warekebishaji wawafundishe watu kutengeneza cheti chao wenyewe kwa PowerShell, kuunda CAT mpya kwa Inf2Cat, kuitia sahihi kwa SignTool, kisha kuufuta ufunguo kazi ikiisha. Mtu anayeweza kufungua Device Manager na kuchagua folda ya draiva kwa mkono hatashindwa na hatua hizo akielekezwa vizuri.

Kabla ya kusakinisha, nilinakili draiva zilizopo kwa amri ya pnputil hadi diski ya nje na kutengeneza nakala rudufu ya mfumo mzima. Hadhari hiyo si ya kuchukuliwa kwa wepesi, maana kidhibiti cha SATA ndicho kinachosoma diski yenye Windows, na draiva yake ikikosea, kompyuta haiwaki kabisa. Inabaki kwenye skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Likitokea hilo, dawa ni kuwasha kwa flashi ya kusakinishia Windows, kufungua dirisha la amri na kuiondoa draiva kwa amri ya dism, ikitajwa kwa jina la oem lililopewa na Windows. Kwangu draiva ilikubali bila tatizo lolote, na jina la kidhibiti likabadilika kwenye Device Manager baada ya kuwasha upya.

Kuhusu kasi, hapa ndipo matarajio ya wengi yanapovunjika. ICH10R hutumia SATA ya gigabiti 3 kwa sekunde, na baada ya kuondoa biti za usimbaji kikomo chake ni megabaiti 300 kwa sekunde kwa kila tundu. Hakuna draiva inayoweza kukivuka kikomo hicho, kwa hiyo SSD ya kisasa ya SATA itabanwa na ubao wenyewe. Nikilinganisha na storahci, draiva ya Microsoft inayokuja na Windows tangu toleo la 8, sikuona tofauti ya maana katika kufungua programu wala kunakili faili kubwa. TRIM, amri inayoijulisha SSD nafasi zisizotumika tena, ilikuwa ikifanya kazi kabla na baada. Mwenye diski moja katika hali ya AHCI hana sababu ya kujiingiza katika shughuli hii yote.

Manufaa halisi yako kwa mwenye RAID, yaani diski kadhaa zilizopangwa kufanya kazi kama moja. Aliyepanga diski zake kupitia kidhibiti cha ubao anahitaji draiva inayouelewa mpangilio huo, la sivyo data yake haifikiki. Hali hii inawabana zaidi wenye mbao za nForce, chipseti za NVIDIA, kwa kuwa NVIDIA ilijitoa kabisa katika biashara ya chipseti na Windows 10 haikupata draiva rasmi za familia hiyo. Kwao INF iliyorekebishwa kwa uangalifu huenda ikawa ndiyo njia pekee ya kuendelea kuitumia mashine. Wajue tu kwamba kusakinisha Windows upya juu ya RAID ni kugumu zaidi kuliko kubadilisha draiva ndani ya mfumo unaofanya kazi, kwa sababu kisakinishi hakikijui cheti ulichokiingiza kwingine.

Liko pia kundi la pili la vifurushi vinavyosambazwa kwa jina la draiva mpya za chipseti za Intel, na hivyo sioni faida yake. Sehemu kubwa ya kifurushi rasmi cha chipseti cha Intel ni INF zinazoipa Windows majina ya vifaa bila kuleta programu yoyote ya kuviendesha. Intel huziandikia tarehe ya 18 Julai 1968, siku kampuni ilipoanzishwa, makusudi ili zisizishinde draiva halisi zilizokwisha kusakinishwa. Kuzirekebisha ili ubao wa zamani uonyeshe toleo jipya kunaondoa labda alama moja ya mshangao ya manjano kwenye SM Bus (njia ndogo ya mawasiliano ndani ya ubao) katika Device Manager, na INF ya zamani iliyo rasmi ingeiondoa vilevile.

Vilevile, draiva haitibu ugonjwa wa silikoni. Mnamo Januari 2011 Intel ilitangaza kasoro katika chipseti za mfululizo wa 6, ambapo matundu ya SATA ya gigabiti 3 yaliweza kudhoofika kadiri muda ulivyopita, na suluhisho lilikuwa kubadilisha chipu zenyewe kwa toleo la B3. Mwenye ubao wa toleo la B2 ambaye diski zake zinapotea mara kwa mara azihamishie kwenye matundu mawili ya gigabiti 6, kama ubao wake unayo, kwani hayo hayakuguswa na kasoro hiyo.

Kifurushi hiki nakipa nyota nne kati ya tano kwa mwenye RAID na nyota mbili kwa mwenye diski moja. Nyota niliyoizuia kwa mwenye RAID ni ya kile cheti: mrekebishaji aongeze maelezo ya kujitilia sahihi mwenyewe, na aweke INF ya asili kando ya ile aliyoibadilisha, nami nitaiongeza bila kusita.