Mtoa mada kakatwa na kengele: uzoefu wangu na akina mama wa Kinorwe

Jamani nina hasira na ngoja nizimalizie hapa, maana mume wangu keshachoka, nikifungua mdomo tu anasema "kengele tena?" halafu anaongeza sauti ya mpira.

Iko hivi. Huku kwetu jimbo la Washington, pembeni ya Seattle, watu wenye asili ya Norwe wamejaa. Mababu zao walikuja kuvua samaki na kupasua mbao, na wajukuu na vitukuu wa sasa wengi wao Kinorwe chenyewe hawakijui zaidi ya salamu, sala ya chakula na majina ya keki. Akina mama wao wana chama, wanakutana ukumbini kila mwezi, na karibu kila kikao kuna mgeni wa kutoa mada. Siku hizo hata sisi wa nje tunaingia, unatoa dola kadhaa mlangoni, unabandikwa stika ya jina kifuani, unakaa. Chama sikitaji, mkikijua mmekijua wenyewe.

Nilipelekwa na bibi jirani yangu, mtu mzima kabisa lakini barabarani anakimbiza gari mpaka unasali. Akasema njoo, utapenda. Nikaenda kwa adabu tu, mzee wa watu akikuomba kitu kama hicho unakataaje. Nilijua nitasinzia.

Sikusinzia. Siku ile mada ilikuwa Restauration, ile meli ndogo ya matanga iliyoleta kundi la kwanza la wahamiaji wa Kinorwe Marekani. Ndogo kweli, kama mita 16 hivi. Iliondoka Stavanger tarehe 4 Julai 1825 na watu 52, ikafika New York tarehe 9 Oktoba na watu 53, maana mama mmoja alijifungua humo humo baharini. Sasa kufika tu, badala ya kukaribishwa, meli ikakamatwa, eti imebeba abiria kupita kiwango cha sheria, faini juu, ikabidi mpaka Rais John Quincy Adams awasamehe. Nikacheka kwa sauti peke yangu. Kumbe na hawa walianza na matatizo ya makaratasi! Sisi tunaoijua foleni ya uhamiaji tulielewana nao papo hapo, ingawa wamenitangulia karne mbili.

Mara nyingine mada ikawa kura. Mwaka 1905 Norwe inataka kuachana na Sweden, wanaume wakaitwa kupiga kura ya maoni, wanawake wakaambiwa nyie kaeni. Basi Fredrikke Marie Qvam, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, na wenzake wakasema sawa, wakaanza kukusanya sahihi zao wenyewe nchi nzima, wakapata zaidi ya 240,000. Haki ya kupiga kura kwa wanawake wote ikaja 1913. Ukumbi mzima tulipiga makofi, na mwenyekiti akasimama akasema hawa ndio bibi zetu, hawakusubiri kupewa nafasi ya kusema. Hayo maneno yashikeni, nitayarudia.

Na kwenye kahawa siku hiyo hiyo bibi mmoja akaniuliza natokea wapi. Kusikia Tanzania macho yakamtoka, "Haydom unapajua?" Haydom ya Mbulu! Ile hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwe miaka ya 1950, shangazi yake alikuwa nesi huko. Mimi mtu wa Tanga, Mbulu sijawahi kukanyaga, lakini aisee siku hiyo niliongea habari za Mbulu utadhani nina shamba kule. Bibi alikuwa anakumbuka "pole" na "karibu chai" alizofundishwa utotoni. Siku ile ungeniuliza ningetoa nyota tano na nyingine ya kuazima.

Sasa tuje kwenye hicho kikao cha juzijuzi.

Walitangaza kwamba mada ni ushonaji wa Hardanger na mtoa mada ataonyesha kwa vitendo. Kwa vitendo, ndivyo imeili ilivyosema. Mimi hapo sikuhitaji kubembelezwa, maana mama yangu alikuwa anashona kofia za vito, nimekua naangalia kitambaa cheupe na uzi mweupe na vitobo vinazungushiwa uzi kimoja kimoja, kofia moja inakula miezi. Hardanger nayo ni nyeupe juu ya nyeupe. Asili yake magharibi mwa Norwe, huko kwenye fiyodi, yaani mkono wa bahari ulioingia katikati ya milima, yenye jina hilo hilo, na ndiyo inayopamba aproni ya bunad ya huko, yaani vazi lao la asili, ile yenye kizibao chekundu. Ila kwenye kofia unatoboa, huku wao wanakata nyuzi za kitambaa chenyewe.

Hapo kwenye kukata nisikilizeni vizuri maana ndipo hasira yangu ilipo. Unaanza kwa kushona vijumba, mishono mitano imelala sambamba, kila mmoja umeruka nyuzi nne za kitambaa. Ukishalizungushia umbo lako lote vijumba ndipo unashika mkasi, unakata nyuzi nne nne pale mishono inapoishia, siyo ubavuni, PALE INAPOISHIA, unazichomoa, unabaki na wavu, na wavu huo ndio unausukia uzi mpaka yatokee yale matundu mazuri. Ukikosea upande kazi yote inafumuka mkononi. Kwa hiyo kukata ndiyo mada yenyewe. Kuhesabu mishono mitano hata mtoto wangu anaweza, watu wamekuja kuona mkasi.

Na mtoa mada alikuwa bibi wa haja. Miwani moja puani, nyingine kichwani, taa ndogo inaning'inia shingoni. Alikuwa ametuandalia kila mmoja wetu kitambaa cha ukubwa wa kiganja, vijumba keshavishona kwa mkono wake mwenyewe pembe zote nne, cha kila mtu! Ukumbi mzima! Hebu pigeni hesabu ya usiku aliokesha yule mama, halafu bure, sidhani kama walimlipa zaidi ya mafuta.

Lakini kabla hajasimama ikabidi kwanza kikao kiwe kikao. Katibu akasoma muhtasari wa mwezi uliopita, wote, hakuruka hata mstari. Yakaja yatokanayo. Akaja mweka hazina na karatasi zake. Halafu likazuka suala la vitambaa vya meza vya sherehe ya tarehe 17 Mei, ile siku ya katiba yao ya 1814, je vikodiwe au vinunuliwe, na kama vikinunuliwa nani atavifua, na kama atavifua yeye je mwaka juzi si alisema mgongo unamuuma. Nilifikiri utani. Haukuwa utani. Kuna mama alitoa hoja, mwingine akaiunga mkono, mwingine akaomba irudiwe. Mtoa mada kakaa pale mbele na mkasi wake mapajani anatabasamu, presha inanipanda mimi.

Hatimaye akaitwa. Projekta ikagoma, yeye akasema haina shida, mikono yangu inatosha, akatembea nayo meza kwa meza ile kola ya shati aliyoshona bibi yake, tunaigusa. Jamani ile kola. Ukiiweka kwenye mwanga unaona vidole vya mtu. Akatueleza alivyofundishwa, jinsi bibi yake alivyokuwa anamfumulia akikosea mshono mmoja tu, na mimi moyoni nasema ndiyo, ndiyo, namjua huyo, ni mama yangu na kofia zake.

Akasema, "Sasa mkasi."

Ukumbi kimya. Hata wale wa meza ya nyuma wanaopenda kunong'ona wakanyamaza. Tumeshika vitambaa vyetu. Akainua chake juu tuone, akapenyeza ile ncha chini ya nyuzi nne, akatuambia hesabu mara mbili, kisha

NGE!

Kengele. Kengele ya shaba ya mezani, mwenyekiti kaigonga na kiganja. "Asante sana kwa mada nzuri, muda wetu umekwisha, tuendelee na bahati nasibu."

Bibi wa watu kabaki na mkasi hewani. Nyuzi hajazikata. Akaurudisha mkasi kwenye kimfuko chake taratibu, akasema asante kwa kunialika.

Mimi nikashindwa. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa heshima zote, mama mwenyekiti, tunaomba amalizie huo uzi mmoja tu, ni dakika. Akaangalia kwanza stika yangu, ile ya wageni ina mstari wa buluu, halafu akanitazama na lile tabasamu la meno matupu, akasema, "Mpenzi, wageni huwa hawachangii kwenye ajenda."

Hawachangii! Nyie si ndio mliotupigisha makofi kwa ajili ya Qvam na sahihi zake? Si wewe mwenyewe uliyesema bibi zetu hawakusubiri kupewa nafasi ya kusema? Ningekuwa na karatasi ningeanza kukusanya sahihi pale pale, na jirani yangu angesaini wa kwanza, maana nilimuona alivyokaza midomo.

Na hiyo bahati nasibu sasa. Kikapu chenyewe kina mishumaa, soksi za sufu na kopo la kahawa. Nambari ikasomwa, mwenye tiketi kaondoka mapema. Ikasomwa nyingine, mwenyewe hasikii vizuri, mpaka aguswe bega. Aliyeshinda akasema kahawa hanywi, daktari kamkataza, ikabidi wajadiliane. Muda upo! Muda wa soksi upo, wa mkasi hakuna.

Kuanzia hapo kila kitu kikanichukiza. Kahawa maji matupu. Viti vinauma. Hata lefse, ile mikate yao ya viazi iliyosukumwa nyembamba ikapakwa siagi na sukari, ambayo mwezi mwingine niliisifia mpaka nikaambiwa nipunguze, siku hiyo niliiona kavu, labda ilikuwa ile ile, sijui, sitaki kujua. Nikajisemea nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kuweka sifuri.

Sasa hapa ndipo panaponichanganya. Tumetoka nje, manyunyu ya Seattle kama kawaida, tunakuta yule bibi mtoa mada anahangaika kupakia maboksi kwenye gari. Nikambebea. Nikamwambia mama samahani, mimi kitambaa changu ninacho na sijui pa kukata. Akanitazama, akaweka boksi chini, akasema lete. Akakitandika juu ya buti ya gari, akavuta miwani ya kichwani ikaja juu ya ile ya puani, akanishikisha mkasi MIMI, akaushika mkono wangu kwa juu. Hapa. Siyo hapo, hapa. Hesabu. Rudia kuhesabu. Nikakata. Ile sauti ya nyuzi nne zikikatika ni ndogo sana lakini niliisikia mpaka tumboni. Tukachomoa uzi wa kwanza, wa pili, jirani yangu katushikia mwavuli, akina mama wengine wanne watano wakatuzunguka na vitambaa vyao, na wao hawakuwa wageni, ni wanachama halali na stika zao nyeupe, wanalowa, kila mmoja anangoja zamu yake. Ndiyo mada bora niliyowahi kuhudhuria maishani mwangu na imefanyikia maegesho.

Sasa hizo nyota nampa nani? Ukumbi? Ukumbi haukufanya kitu. Lakini bila ukumbi yule bibi ningemjulia wapi.

Halafu bado. Nani anatoka mlangoni? Mwenyekiti. Nikajiweka tayari. Kaja moja kwa moja kwangu na kifurushi cha foili, kanipa, anasema ni krumkake zilizobaki, nimeona hukula kitu leo. Zile keki nyembamba zilizoviringishwa. Nilishindwa nikasirike au nishukuru, nikashukuru, ndivyo tulivyolelewa, na watoto walizimaliza kabla sijavua koti. Labda ni mama mzuri tu aliyepewa kengele. Lakini nani alimpa? Na kwa nini aliona nisivyokula asione mkasi uko hewani?

Kwa anayetaka kwenda, watoa mada wao ni wazuri, nisidanganye, kwa hizo dola utapata mambo ambayo hutayapata kwa mwaka mzima kwenye televisheni. Kaa karibu na mbele, na usinunue tiketi za kikapu, utawapa nguvu. Na mada ikiwa ya vitendo mfuate mtoa mada kwenye gari lake.

Nilipofika nyumbani niliwaandikia imeili, ndefu, ya adabu, nikapendekeza mada iwe kwanza na muhtasari baadaye, au hata wamwongezee mgeni robo saa. Nikajibiwa baada ya siku kadhaa: wanashukuru kwa maoni yangu, wanafurahi kwamba nilifurahia, na wangependa kunijulisha kwamba kutokana na mwitikio mkubwa mwezi ujao bahati nasibu itakuwa na vikapu viwili.

VIWILI. Naacha nyota mbili, na mkisikia nimeenda tena msiniulize, mada ni ya yule Mnorwe aliyekuwa anavuka milima ya Sierra Nevada, huko California, na barua za watu mgongoni kwa mbao za kutelezea kwenye theluji, na mimi hiyo siikosi.