Shahada ya uzamili ya ufuatiliaji na tathmini: uzoefu wangu nikisoma huku nafanya kazi Mwanza

Nimehitimu shahada ya uzamili ya ufuatiliaji na tathmini, yaani kufuatilia mradi unavyokwenda na kupima kama umeleta mabadiliko, katika chuo kikuu kimoja cha hapa nchini, huku nikiendelea na kazi kwenye shirika la maendeleo hapa Mwanza. Wenzangu wananiuliza kila mara kama inalipa. Kwangu imelipa, ila si kila somo, na kuna jambo moja ningelichunguza kabla hata ya kuuliza ada.

Muhula wa kwanza ni nadharia. Tulimsoma Michael Scriven, ambaye mwaka 1967 alitenganisha tathmini ya kuboresha mradi ungali unaendelea na ile ya kutoa hukumu ukishamalizika. Tukasoma vigezo vya kutathmini miradi vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa hasa na nchi tajiri, vitano vya mwaka 1991 na cha sita, uwiano, kilichoongezwa 2019. Ni vya lazima, maana hadidu za rejea (maelezo ya kazi anayopewa mtathmini) za wafadhili wengi zimejengwa juu yake. Lakini kusomewa slaidi jioni nzima, darasa limejaa watu waliotoka kazini, hakumfundishi mtu tathmini.

Somo lililonifungua macho ni la usanifu wa tathmini, kwa sababu mhadhiri aliacha mifano ya mbali akatuletea ya hapa hapa. Mwaka 1991 hadi 1994, mkoani Mwanza, jamii 12 zilishiriki jaribio la kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya. Zile zilizopata huduma hiyo zilikuwa na maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko zile za kulinganisha. Kisha mwaka 1998 ukaja MEMA kwa Vijana: jamii 20 zikagawanywa kwa kura, nusu zikapata elimu ya afya ya uzazi shuleni na huduma rafiki kwa vijana. Uelewa wa vijana ulipanda wazi. Vipimo vya damu havikuonyesha kwamba VVU vimepungua. Anayeishia kwenye dodoso angeandika kwamba mradi umefaulu, na wafadhili wangepiga makofi. Tangu siku ile kila ripoti inayofika mezani kwangu naiuliza kwanza: bila mradi hali ingekuwaje?

Mafunzo kwa vitendo ndiyo yaliyobeba shahada yangu. Kikundi chetu kilipewa mradi halisi wa vichanja vya kuanikia dagaa, kwenye mwalo mmoja wa ziwani. Kiashiria kikuu kilikuwa idadi ya vichanja vilivyojengwa, na idadi ilikuwa imetimia. Ratiba ya chuo ilitupeleka kukusanya takwimu wiki ya mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa, wanaotegemea taa na giza, hawaingii majini. Mama mmoja alituambia, “Wanangu, mkija sasa mtakuta vichanja vitupu, halafu mtaandika kwamba hatuvitumii.” Msimamizi wetu alikubali tusogeze tarehe, nami namshukuru hadi leo. Tuliporudi penye giza, vichanja vilijaa. Tulikwenda pia mwalo wa jirani usio na mradi, tukakuta bei ya dagaa imepanda kule vilevile. Sehemu ya ripoti iliyodai kwamba kipato kimeongezeka kwa sababu ya vichanja ikabidi iandikwe upya. Faida tuliyoweza kuitetea ilikuwa nyingine: wakati wa mvua, dagaa waliooza walipungua.

Sasa upungufu. Maabara ya kompyuta ilikuwa na mashine chache, kwa hiyo uchambuzi wa takwimu wengi tulijifunzia nyumbani. Sura za tasnifu zilikaa kwa msimamizi wa pili miezi bila kurudi, na ada ya kuongeza muda nililipa mimi. Hakuna aliyetufundisha kuandaa bajeti ya zabuni, wala namna ya kumwambia mratibu kwamba mradi wake haukuleta alichoahidi, huku yeye ndiye anayekulipa. Hilo la mwisho linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu mtathmini mwenye hesabu nzuri akikosa ujasiri huo, matokeo yake yanalainishwa hadi yanapoteza maana, na wanaoumia ni wale wale waliolengwa na mradi.

Kama shida yako ni kutengeneza dodoso kwenye simu na kuchora majedwali, kozi fupi inakutosha; usiingie gharama za uzamili. Kama unataka kusanifu tathmini na kuitetea mbele ya mfadhili, shahada inafaa. Ofisi ya udahili iulize mambo haya: mafunzo kwa vitendo yanafanyika na mteja halisi? Yana alama ngapi? Ripoti ya wanafunzi inasomwa na nani nje ya chuo? Wakishindwa kukuonyesha hata ripoti moja ya mwaka uliopita, nenda chuo kingine.